Kati ya wangapi? Mwongozo wa kuchunguza mlipuko wa kipindupindu kwa mwanafunzi wa udaktari anayekwenda wilayani

Wodini umefundishwa kumsoma mtu mmoja aliyelala kitandani: macho yaliyobonyea, ulimi mkavu, ngozi inayochelewa kurudi ukiifinya. Kisha unapelekwa wilayani kwa mafunzo ya afya ya jamii, unakabidhiwa daftari, unaambiwa kuna kata watu wanaharisha. Mgonjwa wako sasa ni kata nzima. Wanafunzi wengi hukwama hapo, na si kwa kukosa elimu. Hakuna aliyewaonyesha waanzie wapi.

Ninatumia kipindupindu kwa sababu sijaona ugonjwa unaofundisha kinga vizuri kuliko huu. Unaingia ghafla, unaweza kumuua mtu mzima mwenye nguvu zake ndani ya saa chache, na dawa ya kuuzuia unaibeba mkononi kwenye ndoo. Wala hauko mbali nasi. Mlipuko ulioanzia Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa mikoa mingi ya Bara na kufika Zanzibar. Hatua hizi hizi, ukibadilisha machache, zitakufaa kwa surua, homa ya matumbo au sumu ya chakula kwenye msiba.

Ripoti yangu ya kwanza wilayani niliianza hivi: "Mtaa huu ndio umeathirika zaidi, una wagonjwa 40." Bwana afya aliyekuwa akitusimamia aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akanirudishia karatasi na swali moja: "Kati ya wangapi, daktari?" Sikuwa na jibu. Kwa siku mbili tulikuwa tumepeleka klorini yote mtaa ule mkubwa, kumbe mtaa mdogo wa jirani, wenye kaya chache, ndio uliokuwa unateketea. Swali lake ndilo ninalotaka ubebe katika kila hatua hapa chini.

Hatua ya 1: Piga hodi panapostahili

Anza ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, ujue nani anaongoza kikosi na wewe unawajibika kwa nani. Ukifika kwenye kata, jitambulishe kwa mtendaji, kisha kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Usiingie nyumba hata moja bila mjumbe au mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Watu wenye mgonjwa wa kuhara ndani wana hofu na aibu, na mgeni mwenye koti jeupe huwafanya wamfiche. Beba glavu, sabuni, pakti za ORS (chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini), vifaa vya kuchukulia sampuli, kikasha cha kupimia klorini, daftari na penseli. Penseli ni kwa sababu wino na klorini havipatani.

Hatua ya 2: Hakikisha ni mlipuko, na ni wa nini

Fungua vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za wagonjwa, vya zahanati zote za eneo hilo. Hesabu wagonjwa wa kuhara kwa kila wiki, rudi nyuma miezi mitatu, halafu tazama miezi kama hii mwaka uliopita. Kuhara huongezeka kila msimu wa mvua, kwa hiyo idadi kubwa peke yake haithibitishi lolote. Kwa kipindupindu, hata hivyo, mgonjwa mmoja aliyethibitishwa na maabara, akiwa ameambukizwa hapo hapo, anatosha kuitwa mlipuko.

Chukua sampuli za kinyesi kabla mgonjwa hajapewa antibiotiki. Ufito wa pamba ukishalowa, utumbukize ndani ya kichupa cha Cary-Blair kinachohifadhi vimelea safarini, funga, andika jina, tarehe na saa, peleka maabara katika joto la kawaida. Usiuweke kwenye barafu. Kipimo cha haraka kinakupa fununu ndani ya dakika chache, ila uamuzi ni wa maabara inayootesha vimelea.

Kuhusu kipimo cha haraka, nataka tukae kidogo, maana hapa ndipo swali la bwana afya linarudi kwa sura nyingine. Tuseme kipimo kinawanasa wagonjwa 90 katika kila wagonjwa 100, na kinawaachia wasio na ugonjwa 90 katika kila 100. Mlipuko ukiwa umepamba moto, nusu ya wanaoharisha katika kambi ya matibabu wana kipindupindu kweli. Katika watu 1,000 kuna wagonjwa 500, kipimo kinawanasa 450, na kati ya wale 500 wengine kinawasingizia 50. Jumla ya majibu chanya ni 500, na 450 ni ya kweli. Asilimia 90, unaweza kuyaamini.

Sasa mlipuko umepoa. Katika watu 1,000 wanaoharisha, 20 tu ndio wana kipindupindu. Kipimo kile kile kinawanasa 18, na kati ya 980 wasio nacho kinawasingizia 98. Majibu chanya ni 116, ya kweli 18. Asilimia 15 na ushee. Kipimo hakijaharibika. Kilichobadilika ni watu unaowapima. Mwanafunzi aliyelielewa hili hatatangaza mlipuko kwa kipimo kimoja cha haraka katika kata tulivu, na wala hatashangaa siku atakapofundishwa uchunguzi wa saratani ya shingo ya kizazi au VVU, kwa kuwa hesabu ni hii hii.

Hatua ya 3: Andika nani ni mgonjwa

Kabla ya kuhesabu, kubalianeni unahesabu nini. Eneo ambalo mlipuko haujatangazwa, mshukiwa ni mtu wa miaka 2 au zaidi mwenye kuhara majimaji kwa ghafla na upungufu mkubwa wa maji mwilini, au aliyekufa kwa kuhara hivyo. Mlipuko ukishatangazwa, mlango unapanuliwa: yeyote anayeharisha majimaji kwa ghafla, mara tatu au zaidi ndani ya saa 24, ni mshukiwa. Aliyethibitishwa ni yule ambaye maabara imemkuta na kimelea.

Ongeza mahali na muda: "mkazi wa kata hii, kuanzia tarehe fulani." Bandika maelezo hayo ukutani katika kila zahanati. Zahanati moja ikihesabu kila anayeharisha na nyingine ikihesabu waliotundikiwa dripu pekee, ramani yako itaonyesha tabia za waganga badala ya ugonjwa.

Hatua ya 4: Daftari la wagonjwa

Mstari mmoja, mtu mmoja. Umri, jinsia, kazi, mtaa na alama ya karibu na nyumba, tarehe na saa ya kuanza kuharisha, chanzo cha maji, choo anachotumia, alikula wapi siku tano zilizopita, amepona au amefariki. Tarehe ya kuanza kuugua ina thamani kuliko tarehe ya kufika zahanati. Wanafunzi huandika ya pili kwa sababu imeshapigwa muhuri kwenye kadi.

Usiishie kwa waliofika hospitali. Muulize mjumbe kwa upole: tangu wiki ile, ni misiba mingapi mtaani, na marehemu walianzaje kuugua? Waliofia nyumbani usiku ndio wanaokosekana katika vitabu, na bila wao kiwango cha vifo kinadanganya. Kipindupindu kinachotibiwa vizuri kinapaswa kuua chini ya mtu 1 kati ya wagonjwa 100. Ukipata zaidi ya hapo, uliza mambo mawili: je, watu wanachelewa kufika? Au umehesabu mahututi peke yao?

Hatua ya 5: Tafuta asili

Shuleni tuliita namba ya juu ya sehemu kiasi, na ya chini asili. Daktari hujiletea kiasi bila kuhangaika, wagonjwa wenyewe huja. Asili lazima uitafute kwa miguu: takwimu za sensa ofisi ya kata, daftari la wakazi la mwenyekiti, au kuhesabu kaya mwenyewe na kuzidisha kwa wastani wa watu katika kaya.

Chukua mfano. Mtaa wa kwanza una wagonjwa 40 na wakazi 8,000. Mtaa wa pili una wagonjwa 15 na wakazi 600. Ukitazama wagonjwa tu, utakimbilia wa kwanza. Gawanya: 40 kwa 8,000 ni 5 katika kila 1,000. 15 kwa 600 ni 25 katika kila 1,000. Mkazi wa mtaa wa pili yuko katika hatari mara tano. Klorini ya kwanza inakwenda huko.

Kazi hii ndiyo iliyompa heshima John Snow, daktari wa London, ingawa vitabu vingi vinamkumbuka kwa mpini wa pampu. Pampu ya maji ya Broad Street mtaani Soho, London, aliyoishuku kueneza kipindupindu, iliondolewa mpini tarehe 8 Septemba 1854, wakati mlipuko ulikuwa umeshaanza kushuka wenyewe, tena wakazi wengi wameshakimbia. Ushahidi wake mzito ulikuwa kwingine. Kusini mwa mto Thames kampuni mbili zilikuwa zikiuza maji katika mitaa ile ile, nyumba hii kampuni hii, nyumba ya pili kampuni nyingine. Southwark and Vauxhall ilichota mtoni mahali majitaka ya jiji yanapopita. Lambeth ilikuwa imehamisha mdomo wa bomba lake mwaka 1852 kwenda sehemu ya juu ya mto, kabla ya majitaka ya jiji. Snow alipita mlango kwa mlango akiuliza maji yanatoka kampuni gani, kisha akagawanya vifo kwa idadi ya nyumba: 315 katika kila nyumba 10,000 za kampuni ya kwanza, 37 katika kila nyumba 10,000 za pili. Wakati huo madaktari wengi London hawakukubali kwamba kuna kimelea. Yeye aliiona njia yake kwa kugawanya tu.

Hatua ya 6: Chora

Karatasi ya kwanza ni mchoro wa siku. Chini weka tarehe za kuanza kuugua, juu ya kila tarehe weka kisanduku kimoja kwa kila mgonjwa. Mtu huugua kati ya saa 12 na siku 5 baada ya kumeza kimelea. Visanduku vikipanda ghafla na kushuka ndani ya siku chache, walikula au kunywa kitu kimoja kwa wakati mmoja, mara nyingi kwenye shughuli. Vikibaki juu wiki baada ya wiki, chanzo hakijafungwa na bado kinatumika.

Karatasi ya pili ni ramani. Usisubiri kompyuta. Mwombe mjumbe akuchoree kwa mkono barabara, mfereji, visima, vioski vya maji, vyoo vya umma, soko, vibanda vya mama lishe. Tia nukta kwa kila mgonjwa. Halafu itazame ukiwa na mjumbe huyo huyo pembeni, kwa kuwa anajua ambalo ramani haionyeshi: kwamba kioski hiki hufungwa saa kumi na mbili na baada ya hapo wote huchota kisima kile, au kwamba bomba hupasuka penye kivuko kila mvua ikinyesha.

Nukta iliyo peke yake, mbali na nyingine zote, ifuate hadi nyumbani. Mara nyingi ndiyo inayotoboa siri: mtu wa mtaa wa mbali aliyekuwa akifanya kazi, akisoma au akila hapo penye nukta nyingi.

Hatua ya 7: Waulize na wazima

Wagonjwa 24 kati ya 30 wanasema walikunywa maji ya kisima cha msikiti. Je, umekipata chanzo? Bado. Huenda mtaa mzima unakunywa hapo. Tafuta wazima wasioharisha, umri unaofanana, mtaa ule ule, uwaulize maswali yale yale kwa maneno yale yale. Tuseme wazima 60, na 18 kati yao walikunywa kisimani.

Sasa pangilia: wagonjwa 24 walikunywa na 6 hawakunywa, wazima 18 walikunywa na 42 hawakunywa. Zidisha 24 kwa 42, gawanya kwa 6 mara 18. Unapata 9.3, ile OR (odds ratio) ya darasani. Uwiano wa waliokunywa kisimani kwa wasiokunywa, kwa wagonjwa (24 kwa 6), ni mara tisa hivi ya ule wa wazima (18 kwa 42). Hilo unaweza kulipeleka kwa mganga mkuu wa wilaya na kwa kamati ya msikiti, kwa adabu na kwa namba, bila kumlaumu mtu.

Na wale 6 ambao hawakunywa? Usiwafute. Rudi uwaulize nani alimuuguza nani, nani aliosha maiti, nani alinunua juisi kwa anayechota hapo.

Hatua ya 8: Tenda tangu siku ya kwanza

Nimeiweka hapa kwa ajili ya mpangilio wa karatasi tu. Kazini inaanza asubuhi ile ile unapofika. Hatusubiri majibu ya maabara ndipo tuokoe watu.

Tibu maji kwa maji. Aliyepungukiwa kiasi mpe ORS mililita 75 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa 4. Aliyezidiwa, asiyeweza kunywa, mapigo yanatafutwa, mtundikie Ringa lakteti mililita 100 kwa kila kilo ndani ya saa 3: mililita 30 kwa kila kilo katika nusu saa ya kwanza, 70 katika saa mbili na nusu zinazobaki. Mtu wa kilo 60 anahitaji lita 6, na nusu saa ya kwanza pekee lita 1.8. Wanafunzi huogopa kasi hiyo. Fungua mshipa wa pili ikibidi. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja anakwenda taratibu: 30 kwa kila kilo katika saa 1, kisha 70 katika saa 5. Akiweza kunywa, mwanzishie ORS dripu ikiwa bado inaendelea. Watoto waongezee zinki. Doksisaikilini, mtu mzima miligramu 300 mara moja, ni kwa waliozidiwa. Usiigawe mtaa mzima kama kinga. Haizuii mlipuko na inafundisha vimelea ubishi.

Usiidharau pakti ya ORS. Mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipojaa kambi ya Bangaon nchini India na dripu zikaisha, daktari Dilip Mahalanabis aliamuru sukari na chumvi vichanganywe, ndugu wa wagonjwa wachote na kuwanywesha wenyewe. Vifo vilishuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Kinyume chake tulikiona Goma Julai 1994. Wakimbizi kutoka Rwanda walikaa juu ya mawe ya volkano yasiyochimbika choo, maji yao yakiwa ya ziwa Kivu, na katika mwezi wa kwanza karibu watu 50,000 walikufa, wengi wao kwa kuhara. Nyumbani pasipo na pakti, fundisha hivi: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa.

Kisha maji ya kunywa. Kikasha cha klorini kina vichupa viwili vya kioo na vidonge vya DPD. Mwombe mama wa nyumba akuchotee kutoka chombo anachonywea, si kutoka bomba. Suuza kichupa kwa maji hayo hayo, jaza hadi alama, dondosha kidonge bila kukigusa kwa vidole, funga, tikisa. Klorini ikiwepo, maji yanageuka pinki mbele ya macho yenu. Linganisha rangi na kadi: kwenye mlipuko tunataka angalau miligramu 0.5 kwa lita, nusu saa baada ya kutia dawa. Mara nyingi utaona bomba lina pinki nzuri na ndoo ya ndani iko nyeupe kabisa. Mwonyeshe mama vichupa viwili, kimoja cha bomba, kimoja cha ndoo yake. Nimewahi kumwona mama akiiangalia ile nyeupe kimya, akamimina ndoo nzima nje, akaisugua na kwenda kuchota upya. Hakuna hotuba yangu iliyowahi kufanya hivyo.

Kambini, klorini ina viwango vitatu: asilimia 0.05 kwa kunawa mikono, 0.5 kwa sakafu na vitanda, 2 kwa kinyesi, matapishi na maiti. Andika juu ya kila ndoo kwa herufi kubwa. Ndoo zikichanganywa, muuguzi anababuka mikono au sakafu inabaki na vimelea.

Ukiulizwa kwenye mtihani kuhusu ngazi za kinga, jibu kwa kata hii. Mipango miji inayozuia visima kuchimbwa hatua chache kutoka vyooni ni kinga ya mwanzo kabisa (primordial). Klorini, sabuni na chanjo ni kinga ya awali. Kumnasa mgonjwa mapema na kumpa ORS kabla hajazidiwa ni kinga ya pili. Kuokoa figo za aliyekaukiwa ni kinga ya tatu. Ukisogea nyuma kwenye orodha hiyo gharama kwa mtu mmoja inapungua na idadi ya waliookolewa inaongezeka, ila hakuna atakayekuja kukushukuru, kwa sababu aliyekingwa hajui kwamba angeugua.

Chanjo ya kumeza ina nafasi yake. Kampeni ya mwaka 2009 Unguja na Pemba ilionyesha waliomeza dozi mbili walikingwa kwa asilimia 79, na hata majirani wasiochanjwa, katika maeneo walikochanjwa wengi, waliugua wachache zaidi. Dozi zilikuwa adimu, ndiyo maana Oktoba 2022 iliamuliwa milipuko ipewe dozi moja badala ya mbili. Unapoamua ipelekwe mtaa gani, rudi Hatua ya 5.

Hatua ya 9: Rudisha majibu kwa wenyewe

Ripoti ya wilaya iwe fupi: ufafanuzi wa mgonjwa, mchoro wa siku, ramani, viwango kwa kila mtaa, chanzo kinachoshukiwa na ushahidi wake, kilichofanyika, kinachobaki na nani atakifanya. Halafu itisha mkutano wa mtaa, ubandike ramani ile ya penseli ukutani. Usitaje jina la mgonjwa wala kuonyesha nyumba yake. Waache waulize, na wakikataa kisima kisifungwe, waulize watachota wapi kikifungwa. Kama hakuna jibu, wana haki, na kazi yako ni kuleta boza au kumtilia klorini ndooni kila anayechota, hapo hapo kisimani.

Endelea kupima kila anayeharisha hata baada ya wagonjwa kuisha. Wiki nne mfululizo bila aliyethibitishwa ndipo wilaya inaweza kufunga mlipuko. Siku ya kuondoka, mwachie mtendaji nakala ya ramani, orodha ya vyanzo vya maji na idadi ya wakazi wa kila mtaa uliyoihesabu. Mvua za vuli zikianza, atakayefika hapo na daftari tupu ataanzia kwenye karatasi hiyo.